Chifu Si Daktari

Ukitaka kupigiwa makofi katika baraza lolote la Uasin Gishu, simama uwaseme walevi. Sema vijana wameharibika, sema mama pima wanaouza chang'aa wafukuzwe kijijini, mwombe chifu akaze kamba, kisha umalizie kwamba aliyejiingiza kwenye chupa mwenyewe atoke mwenyewe. Utashangiliwa na mchungaji, na mwanasiasa, na mwalimu mkuu, na hata mlevi mmoja wawili walioketi nyuma. Hapa Ziwa maneno hayo nimeyasikia miaka nenda miaka rudi, tena kutoka kwa watu wema, wengine wakiwa wamezika watoto wao kwa sababu ya pombe. Kwa hiyo wanastahili kujibiwa kwa heshima. Lakini wajibiwe, maana wanayoyasema yanaua watu.

Imani yenyewe ni hii: ulevi ni tabia mbaya, na tabia mbaya huondolewa kwa nguvu. Nitaanza na hilo la nguvu, kwa kuwa lina historia ndefu ambayo watu wa baraza wanaisahau kila linapoitishwa baraza jipya.

Nguvu haikuanza kujaribiwa juzi. Mkoloni aliiwinda pombe ya Mwafrika huku akimuuzia yake ya chupa. Baada ya Uhuru tukaendelea na mwendo ule ule, hadi mwaka 1980 Bunge likatunga sheria mahsusi ya kupiga marufuku chang'aa. Sheria hiyo ilikaa miaka 30. Kila chifu aliijua, askari tawala waliishi kwayo, na kila mpishi alijua siku ya kutoa chai ili awekewe nafasi. Mwaka 2010 sheria ya udhibiti wa vileo, hii tunayoiita sheria ya Mututho, ikaifuta, kwa kuwa hata wabunge walikuwa wamekubali kwamba kinachopikwa gizani hakuna anayekipima.

Katika miaka hiyo 30 watu hawakuacha kunywa. Walibadilisha kinywaji. Busaa, ambayo wazee wa Kikalenjini waliinywa wakiwa wamezunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, ilikuwa na siku zake na watu wake. Kijana hakuisogelea bila ruhusa. Ni pombe nyepesi, ya nafaka, inachukua siku kadhaa kuiva, na chungu chake hakifichiki. Msako ukizidi, chungu kinashindwa na kichupa. Mpishi anatafuta kitu kidogo, kikali, cha kutia mfukoni askari wanapotokea upande wa pili wa shamba la mahindi. Hapo ndipo methanoli inapopata mlango, na methanoli haina haja ya kuwa nyingi ili impofushe mtu au imuue.

Novemba 2000 ilikuwa mitaa ya mabanda ya Mukuru, Nairobi: zaidi ya watu 100 walikufa. Mei 2014 ikawa Embu, Kiambu na kaunti nyingine, kwa siku chache tu. Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru pombe ya bei rahisi imalizwe, na wabunge wa Mlima Kenya wakaongoza vijana kuvunja maghala na kumwaga vileo mitaroni, vingine vikiwa halali na vimelipiwa ushuru. Februari 2024 zamu ikawa ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga, ambako walikufa watu wasiopungua 17. Wakuu wa usalama wakaeleza kwamba sumu iliyowaua ilikuwa kielelezo cha kesi, kilichokuwa kimekamatwa na kuwekwa katika kituo cha polisi, kabla hakijapita njia za panya na kurudi kwenye baa. Hebu turudie hapo: msako ulifaulu, pombe ilikamatwa, ikafungiwa kwa serikali, na bado ikaua. Mwezi uliofuata Waziri Kithure Kindiki akatoa maagizo 25. Jibu la msako ulioshindwa likawa msako mwingine.

Na matokeo ya miaka yote hiyo? NACADA, mamlaka ya taifa inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, walipofanya utafiti wa kitaifa mwaka 2022 walikuta Wakenya 1,357,754 wa umri wa miaka 15 hadi 65 wametawaliwa na pombe, yaani mmoja katika kila 20. Mgonjwa akimeza dawa ile ile zaidi ya miaka 40 na hali yake ikazidi kuharibika, hata mganga wa kienyeji angebadilisha mizizi.

Sasa tuje kwenye mwili, maana huko baraza letu halifiki kamwe.

Mtu anayekunywa chang'aa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujipanga upya uweze kufanya kazi ndani ya pombe. Pombe inapoza neva. Ubongo nao unazichochea zaidi ili mwenyewe asilale njiani. Ukimwondolea kinywaji ghafla, kile kinachopoza kimeondoka lakini uchochezi umebaki. Ndani ya saa sita hadi 24 mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unadunda, usingizi hauji. Kati ya saa 12 na 48 anaweza kuanguka kifafa, hata kama hajawahi kuanguka maishani mwake. Siku ya pili au ya tatu wengine wanaweweseka: wanaona wadudu ukutani, wanapigana na watu wasiokuwepo, joto la mwili linapanda, na wasipotibiwa baadhi yao hufa. Anayekosa heroini huteseka vibaya, lakini kwa kawaida kuikosa hakumuui. Pombe ni miongoni mwa vileo vichache ambavyo kuviacha kwa ghafla kunaweza kumtoa mtu roho.

Weka saa hizo kando ya ratiba ya msako wetu. Mtu anakamatwa Ijumaa jioni, anatupwa seli, anangoja mahakama ya Jumatatu. Zile saa za hatari zote anazipitia sakafuni, katikati ya watu wanaodhani anajifanya au amepagawa, chini ya askari ambaye hakufundishwa chochote kuhusu jambo hilo. Anayesema "mfungie siku tatu, ataacha mwenyewe" anapendekeza jambo ambalo hakuna daktari angeruhusiwa kulijaribu kwa mgonjwa wake. Nami nasema wazi kwamba hata mke au mama anayemfungia mlevi ndani ya nyumba kwa mapenzi, ili "pombe imtoke", yuko kwenye hatari ile ile. Nani aliwahi kumwambia? Barazani hasikii hilo. Kanisani pia halisemwi.

Dawa zipo. Kuna diazepamu ya kutuliza neva na kuzuia kifafa, inayotolewa kwa kipimo kinachopungua siku hadi siku. Kuna thiamini, yaani vitamini B1, kwa sababu mnywaji wa muda mrefu huishiwa nayo, na akiikosa sana kumbukumbu yake inaweza kuharibika isirudi tena. Ni dawa kongwe, za bei ndogo, ambazo afisa wa kliniki alifundishwa chuoni kuzitumia. Siku tano hadi saba katika wodi ya kawaida, chini ya muuguzi anayejua anachokitazama, zinatosha kuwavusha wengi kwenye hatari hiyo. Hospitali ya Ziwa ina wodi. Swali ni kama mlevi anayetetemeka akifika mlangoni atapokewa kama mgonjwa au ataambiwa aende alale kwanza, arudi akiwa na akili timamu.

Hapo ndipo tunapokutana na lile la kwanza, lile la tabia: alijitakia.

Watu wa Eldoret ndio watu wa mwisho duniani wanaopaswa kusema hivyo, kwa sababu hoja hii wameshaishinda mara moja. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango tunaoujua leo kwa jina la AMPATH. Wakaanza kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI Eldoret na katika kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi. Mwaka huo huo Andrew Natsios, mkuu wa shirika la misaada la Marekani, alikuwa akidai kwamba Waafrika wengi wasingeweza kufuata ratiba ya dawa hizo kwa kuwa hawaishi kwa saa. Na huku kwetu? Mimbari zilikuwa zikisema waliyataka wenyewe. Wagonjwa walifichwa vyumba vya nyuma, sahani zao zikatengwa, maziko yao yakafanywa haraka haraka. Tulikuwa na hakika kabisa kwamba dawa ya ugonjwa ule ni watu kuacha uzinzi, basi.

Wauguzi wa Mosoriot hawakungoja mjadala uishe. Walitoa dawa. Kliniki zikaenea Turbo, Burnt Forest na kwingineko. Watu waliokwisha kununuliwa sanda wakarudi shambani kupalilia. Leo mtu akisimama mazishini aseme marehemu aliyataka, atakokotwa nje. Wala hakuna aliyetubadilisha kwa mahubiri. Tulibadilika kwa kuona jirani amenenepa. Matibabu yaliposogea karibu na watu, aibu ikapungua yenyewe. Wale waliosema tungoje aibu iishe kwanza ndipo tulete matibabu walikuwa wamelishika jambo kinyume.

Na hapo hapo ndani ya AMPATH kuna habari nyingine, ambayo nashangaa haijulikani Uasin Gishu kuliko matokeo ya mbio za Boston. Madaktari waliona kwamba wagonjwa wao wengi wanakunywa, na anayekunywa husahau dawa. Badala ya kuwafukuza, watafiti wakiongozwa na Rebecca Papas walichukua njia ya ushauri inayotumika nchi nyingi kumsaidia mtu ayatambue mambo yanayompeleka kwenye chupa, wakaifuma upya iendane na maisha ya huku: siku ya malipo, rafiki anayekuita kwa mluzi, njia ya mkato inayopita kwa mama pima, jinsi ya kukataa kikombe mbele ya wakwe bila kuwavunjia heshima. Mafunzo yalitolewa kwa Kiswahili, kwa vikundi, vikao sita tu. Waliofundisha hawakuwa madaktari wa akili wala wanasaikolojia wenye shahada nyingi. Walikuwa washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo na kusimamiwa.

Mwaka 2011 wakachapisha matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 75. Baada ya siku 90, kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe, asilimia 69 ya waliopitia mafunzo walikuwa hawanywi, dhidi ya asilimia 38 ya waliopata huduma ya kawaida. Anayetilia shaka neno la mnywaji ana haki yake. Mimi mwenyewe nisingeliamini peke yake. Lakini lilifuata jaribio kubwa la wagonjwa 614, lililopewa jina la RAFIKI, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Safari hii kundi la kulinganishwa nalo lilipewa vikao vyake, vya elimu ya afya kwa jumla. Makundi yote mawili yalipunguza pombe, na lile lililopata ushauri likapunguza zaidi, kwa siku za kunywa na kwa kiasi kinachonyweka, katika miezi tisa ya kufuatiliwa.

Yote hayo yametendeka Eldoret, kwa watu wetu wenyewe wanywao chang'aa na busaa. Anayesema mlevi wa huku hasaidiki anabishana na daftari la kliniki iliyo mwendo wa matatu moja kutoka nyumbani kwake.

Sasa niwageukie walio upande wangu, maana nao wananipa kazi. Hawa wanakubali kwamba ulevi ni ugonjwa, halafu wanadai: tujengewe kituo cha kurekebisha waraibu katika kila kaunti. Wanasiasa wanalipenda dai hili kwa sababu jengo lina utepe wa kukata na jiwe la kuandikwa jina.

Tupige hesabu. Tuseme kila kaunti kati ya 47 imejengewa kituo chenye vitanda 100, kila mtu akae siku 90, vitanda visikae bure hata siku moja. Hapo ni watu 4,700 kwa wakati mmoja, mizunguko minne kwa mwaka, jumla watu 18,800. Gawa wale 1,357,754 wa NACADA. Utahitaji miaka 72, kwa sharti kwamba katika muda huo wote asipatikane mlevi mpya hata mmoja Kenya nzima. Mjukuu wa anayesoma makala haya atakuwa bado kwenye foleni.

Na hata huyo anayepata kitanda, ni nani? Vituo vya watu binafsi hutoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Familia inauza ng'ombe, kisha inauza kipande cha shamba, ili mwana mmoja akae miezi mitatu mbali na kijiji. Anarudi ameshiba, amenyolewa, na njia ya mkato bado inapita pale pale kwa mama pima, wala hakuna mtu Ziwa aliyepewa kazi ya kumuuliza Jumatatu kwamba amelalaje. Akianguka wiki ya pili, familia inasema rehab ni wizi. Mwanamke ndiye hapati hata huo mwezi mmoja. Nani atabaki na watoto, na nani atakayekubali kijiji kijue mama fulani amepelekwa kwa walevi? Mlevi wa kike wa huku anakunywa jikoni, mlango umefungwa, na takwimu zetu hazimwoni vizuri.

Sisemi vituo hivyo havina kazi. Wapo wanaovihitaji: waliojaribu kliniki wakashindwa, wenye ugonjwa wa akili juu ya ulevi, wasio na pa kulala. Hospitali ya Rufaa ya Moi ina kitengo cha namna hiyo na kiendelee. Ila kumpeleka kila mnywaji huko ni sawa na kumpeleka kila mwenye malaria chumba cha wagonjwa mahututi.

Ninachokitaka ni kidogo zaidi kwa macho na kikubwa zaidi kwa watu. Matibabu ya ulevi yawe siku ya kliniki katika hospitali ya Ziwa, kama ilivyo siku ya kliniki ya sukari na presha. Mtu apimwe asubuhi, apewe dawa, akae na mshauri, achukue boda boda arudi kukamua ng'ombe wake jioni. Shirika la Afya Duniani lina maswali kumi ya kumpima mtu kiwango chake cha unywaji, na kuyauliza yote huchukua dakika chache. Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua wahudumu wa afya wa vijijini zaidi ya 100,000, wakapewa mikoba yenye vipimo. Huku kwetu wanazunguka boma kwa boma wakipima presha na sukari. Yule mzee ambaye presha yake haishuki anapimwa kila mara, na chupa iko chini ya kiti. Maswali kumi hayahitaji betri.

Kuna dawa pia za baadaye, baada ya siku zile za kutetemeka. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza naltreksoni na akamprosati katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa ajili ya watu waliotawaliwa na pombe. Hupunguza hamu ya kunywa. Hazifanyi muujiza, zinampa mtu nafasi ya kupumua. Dawa muhimu maana yake ni kwamba nchi inatarajiwa kuwa nazo, kama ilivyo na dawa ya malaria.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya. Basi watazame pwani. Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa methadoni watumiaji wa heroini, dawa ya kunywa kila siku mbele ya muuguzi, bila malipo. Kenya ikafuata: hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi na Mombasa. Teja aliyekuwa akiiba betri za magari akawa anafika dirishani asubuhi, anakunywa kikombe chake, anakwenda kazini. Wakati huo makadirio ya serikali yaliwataja watu wapatao 18,000 wanaojidunga dawa za kulevya nchini. Nafurahi walipata matibabu hayo. Yalikuja haraka kwa kuwa sindano zilikuwa zikieneza virusi na fedha za wafadhili wa UKIMWI zilikuwepo. Lakini linganisha 18,000 na milioni moja na zaidi. Mwenye heroini Malindi ana dirisha lake katika hospitali ya umma. Mwenye chang'aa Ziwa ana chifu.

Na kwa kuwa nimewataja wafadhili: Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada yake, huduma za waraibu zilitikisika nchini kabla ya mwezi kwisha. Mpango unaoishi kwa barua ya serikali ya nje haujawa sera ya afya ya umma. Utakuwa sera siku utakapoingia kwenye bajeti ya kaunti na kwenye bima ya taifa.

Fedha, watauliza, zitoke wapi? Swali zuri, na jibu lake limo katika Katiba. Jedwali la Nne limezipa kaunti mambo matatu kwa pamoja: huduma za afya, leseni za vileo, na udhibiti wa dawa za kulevya. Kaunti inayokusanya ada ya baa kila mwaka ndiyo hiyo hiyo yenye hospitali ya Ziwa. Pesa ya chupa inaingia kwa mlango mmoja na mgonjwa wa chupa anafukuzwa kwa mlango mwingine wa nyumba ile ile. Isitoshe, tangu Oktoba 2024 mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya ya jamii, na mkulima na mwenye boda boda wanadaiwa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, tena walipe za mwaka mzima kwa mkupuo. Mlevi yuko humo. Mke wake yuko humo. Anayesema tusitumie pesa za umma kwa walevi anasahau kwamba sehemu ya pesa hizo ni zao.

Sheria nayo imeshaamua. Mabadiliko ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanamhesabu aliyethibitishwa kuwa na uraibu wa pombe au dawa za kulevya miongoni mwa wagonjwa wa akili, na yanazitwika kaunti wajibu wa kutoa huduma hizo hadi ngazi ya jamii. Kwa hiyo anayemwita mlevi mgonjwa halegezi sheria. Anaitaja ilivyo.

Lipo pingamizi moja lenye uzito: watarudia. Ndiyo, wengi watarudia. Kwa makadirio ya taasisi ya utafiti wa uraibu ya Marekani, kati ya asilimia 40 na 60 ya waliotibiwa hurudia wakati fulani, kiwango kinachokaribiana na cha wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha kufuata matibabu. Mzee wa presha akila chumvi akarudi hospitali akiwa amezidiwa, hatumwambii kwamba zamu yake imekwisha. Tunampokea, tunamgombeza kidogo, tunampa dawa. Hata huko kugombezwa mlevi atakuvumilia, mradi mlango uwe wazi.

Kuhusu kanisa sina ugomvi. Nimewaona watu walioacha pombe kwa maombi, na vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha vinahitaji chumba, benchi na chai, vitu ambavyo makanisa yetu yanavyo tele. Mchungaji aombe. Ila yule anayetetemeka, aombewe akiwa njiani kwenda wodini.

Wala sijasema polisi waende likizo. Anayechanganya methanoli na kuiuza ni muuaji, na mahali pake ni jela. Baa kando ya shule ifungwe. Sera ya taifa iliyozinduliwa Julai 2025 ilipendekeza umri wa kunywa upandishwe hadi miaka 21 na pombe iondolewe kwenye maduka makubwa. Tukajadili umri na maduka mwezi mzima redioni, na lile la matibabu likapita kama tangazo la mvua ya mkoa mwingine. Nani asemewe na sera hiyo, mwanafunzi ambaye hajaanza kunywa au baba yake ambaye hawezi kuacha? Wote wawili, naona mimi. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliripoti vifo milioni 2.6 duniani kwa mwaka mmoja kwa sababu ya pombe. Vifo hivyo haviwezi kuzuiwa na kitambulisho cha umri peke yake.

Kwa wakazi wa wadi ya Ziwa, hili linaanzia kwetu. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikilizwe. Vikao hivyo kwa kawaida hujaa maombi ya barabara na daraja. Safari ijayo, mmoja wetu asimame amwombe mwakilishi wetu mambo manne yaandikwe kwa jina: diazepamu na thiamini zisikosekane hospitali ya Ziwa, washauri wawili wafunzwe kwa mtindo ule ule wa Eldoret, maswali kumi yaingizwe katika fomu ya wahudumu wa vijijini, na sehemu ya ada za leseni za baa ilipie hayo. Akijibu kwamba hakuna pesa, mwombe asome hadharani kiasi kilichokusanywa kutoka kwa baa za wadi yake mwaka huo.